Aliyerusha Kiatu Alifungwa, Aliyerusha Mabomu Akastaafu

Tarehe 18 Mei 2022, jijini Dallas, George W. Bush, rais wa zamani wa Marekani aliyeamuru Iraki ivamiwe mwaka 2003, alikuwa jukwaani akiisema Urusi. Alikuwa akieleza kwamba nchi isiyo na wa kumdhibiti mkubwa wake huishia kuburuzwa vitani na mtu mmoja. Akafika kwenye kilele cha maelezo yake: uamuzi wa mtu mmoja kuanzisha uvamizi wa kikatili usio na sababu hata chembe, uvamizi wa Iraki. Akashtuka. Akajirekebisha: Ukraine, alimaanisha Ukraine. Kisha akatamka kwa sauti ya chini, kama anayeisemesha kola ya shati lake, kwamba na Iraki pia. Halafu akautaja umri wake, miaka 75, na ukumbi ukaangua kicheko.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili. Ulimi hauna mfupa, na kila mtu huteleza. Kinachonirudisha ni kile kicheko. Watu walicheka kama wajukuu wanavyocheka babu anapowaita kwa jina la shangazi yao. Ungamo limetoka, kwa kinywa cha mhusika mwenyewe, mbele ya kamera, na limepita kama masihara ya uzeeni. Ndivyo vita hivi vilivyokuwa tangu mwanzo: mambo yaliyopaswa kusomwa kizimbani yalisomwa kama vichekesho, na waliocheka zaidi hawakuwa sisi.

Mchora katuni kwa kawaida hufanya kazi ya kutia chumvi. Akiona pua ndefu, anairefusha. Kwa vita vya Iraki serikali zenyewe zilikuwa zimeshamaliza chumvi yote. Chukua mkasa wa Niger. Januari 28, 2003, akilihutubia Bunge, Bush alisema serikali ya Uingereza imebaini kwamba Saddam Hussein alitafuta kiasi kikubwa cha urani, madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, kutoka Afrika. Afrika, basi, bara zima, kana kwamba lina mlango mmoja na mwenye duka mmoja. Miongoni mwa karatasi zilizokuwa zikizungushwa kuunga mkono madai hayo zilikuwepo barua zilizodaiwa kuandikwa na serikali ya Niger. Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki ulipozipata ukazikagua, na Machi 7 mkuu wake, Mohamed ElBaradei, akaliambia Baraza la Usalama kwamba si halisi. Barua moja ya mwaka 2000 ilibeba sahihi ya waziri wa mambo ya nje aliyekuwa ameiacha wizara hiyo tangu 1989. Aliyeghushi hakujipa hata taabu ya kuuliza nani ni waziri siku hizi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilitosha kufika Baghdad. Mabomu yalianza kuanguka alfajiri ya Machi 20, siku 13 baada ya ElBaradei kusema.

Au chukua lile jalada la Februari 2003, ambalo serikali ya Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza, ililigawa kwa waandishi wa habari kama taarifa za kijasusi kuhusu jinsi Iraki inavyoficha silaha zake. Sehemu kubwa ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye makala ya mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa Marekani, na makosa yake ya uandishi yakanakiliwa vilevile. Sasa sikiliza utamu wake. Februari 5, Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliketi mbele ya Baraza la Usalama akiwa na kichupa kidogo mkononi kuonyesha kiasi cha kimeta kinachotosha kuleta balaa, na katika hotuba hiyohiyo akawaelekeza wenzake wakasome waraka huo mzuri wa Uingereza. Mwalimu anayesahihisha insha angempa mwanafunzi sifuri kwa kunakili. Dunia iliambiwa iende vitani. Powell mwenyewe alikuja kukiri, mwaka 2005, kwamba hotuba ile ni doa kwenye historia yake. Doa. Kama la mchuzi.

Kisha kukawa na orodha ya washirika. Umoja wa Mataifa ulipokataa kubariki, Ikulu ya Marekani ilitangaza muungano wa nchi zaidi ya 40 zilizokuwa tayari kusimama nayo. Kwenye orodha hiyo walikuwemo Palau, Mikronesia na Visiwa vya Marshall. Walikuwemo pia Aislandi na Kosta Rika. Nchi hizi tano zina kitu kimoja kinachozifanya ndugu: hazina jeshi. Kosta Rika ililifuta lake mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuliandika jambo hilo kwenye katiba. Mwanafunzi mmoja wa sheria wa huko akaishtaki serikali yake, na Septemba 2004 mahakama ya katiba ikaamua kwamba kukubali kuorodheshwa kulivunja katiba, jina likaombwa liondolewe. Katika sakata lote hilo, lenye majenerali, mawaziri na wanasheria wakuu wa mataifa makubwa, aliyeufanya mkono wa sheria ufike mahali alikuwa mwanafunzi wa nchi isiyo na bunduki. Kichekesho hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu ndicho pekee kilichoishia kwa hukumu.

Kuhusu chipsi sitakaa sana. Marekani huziita kwa jina la Ufaransa, Ufaransa ilipinga vita, basi Machi 2003 migahawa ya Bunge la Wawakilishi ikazibadilisha jina zikawa chipsi za uhuru. Wabunge wawili ndio walioibeba hoja hiyo, Bob Ney na Walter Jones. Ney alifungwa baadaye kwa rushwa, jambo lisilohusiana na Iraki. Jones alibadilika. Alianza kuwaandikia barua familia za wanajeshi waliokufa, maelfu ya barua, akitia sahihi kila moja kwa mkono wake, na akasema waziwazi kwamba anajutia kura yake. Alifariki mwaka 2019. Namtaja kwa sababu majuto yake yalikuwa na gharama, na yeye hakuwa hata miongoni mwa wapishi wa vita. Alikuwa mtu wa chipsi tu.

Kwa hiyo waliotaka kukejeli walikuwa na shamba lililokwisha kulimwa. Na walikejeli kweli. Februari 15, 2003, miji mamia duniani ilijaa waandamanaji. London, polisi walikadiria watu 750,000 na waandaaji wakasema karibu milioni mbili. Bango lililokumbukwa zaidi siku ile lilimwonyesha Blair ameshika bunduki na kuvaa kikombe cha chai kichwani badala ya kofia ya chuma, na maneno ya kuwahimiza watu watengeneze chai, wasitengeneze vita. Lilikuwa bango zuri. Bush alipoulizwa kuhusu umati huo alisema kuusikiliza kungekuwa sawa na kuamua sera kwa maoni ya kikundi cha watu waliokusanywa kupima soko.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na watu wa upande wangu. Kejeli nyingi za miaka ile zilimlenga Bush mdomoni. Alivyokosea maneno, alivyoshindwa kulitamka neno nyuklia, alivyokunja uso. Alichorwa kama nyani. Watu walinunua kalenda zenye maneno yake yaliyopinda, siku kwa siku. Tulicheka, nami nilicheka, na kwa miaka kadhaa tuliamini kwamba kumcheka mtu kuwa mjinga ni kumpinga.

Ila mjinga hana nia. Ukishamshawishi msikilizaji kwamba vita vililetwa na mtu asiyejua kuunga sentensi, umempa mtu huyo wakili bora kuliko yeyote ambaye angemlipa. Hakukusudia, masikini, hakuelewa. Wakati huohuo waliounga sentensi vizuri kabisa walikuwa kazini. Kumbukumbu ya kikao cha ofisi ya Blair cha Julai 23, 2002, iliyovuja mwaka 2005, ilirekodi kwamba huko Washington taarifa za kijasusi zilikuwa zikipangwa ili zilingane na sera. Siku tano baada ya kikao hicho Blair alimwandikia Bush barua iliyoanza kwa ahadi ya kuwa naye vyovyote itakavyokuwa. Liwalo na liwe, ndivyo tungesema sisi. Huyo hakuwa mtu wa kukosea maneno. Alikuwa mzungumzaji hodari kuliko wote bungeni kwake, na kalenda yake haikuchapishwa.

Tazama pia hesabu, ambazo zilikejeliwa kidogo mno. Mshauri wa uchumi wa Bush, Lawrence Lindsey, alidokeza mwaka 2002 kwamba vita vingegharimu kati ya dola bilioni 100 na 200. Aliondolewa kazini kabla ya mwaka kuisha. Machi 27, 2003, wiki moja ndani ya vita, Paul Wolfowitz, Naibu Waziri wa Ulinzi, aliwaambia wabunge kwamba Iraki ni nchi inayoweza kujigharamia ujenzi wake, tena karibuni tu. Aprili, mkuu wa shirika la misaada la serikali, Andrew Natsios, alikwenda kwenye televisheni na kusema mlipakodi wa Marekani atachangia dola bilioni 1.7 katika ujenzi, basi, imetoka hiyo. Miaka kumi baadaye ujenzi ulikuwa umemeza karibu dola bilioni 60. Lindsey, aliyefukuzwa kwa kutaja nyingi, ndiye alikuwa ametaja chache mno. Gharama za vita vyote zilikuja kulipita kadirio lake mara kadhaa. Unaweza kuichora nyani nambari?

Kiswahili kina neno moja linalonisaidia hapa: kosa. Ukijumlisha vibaya, ni kosa. Ukivunja mlango wa mtu usiku ukaua waliomo ndani, ni kosa pia, na mara zote mbili unaitwa mkosaji. Mwanasiasa wa London au Washington ana bahati ya lugha yenye neno moja la kujumlisha vibaya na jingine la kuvunja mlango. Anaungama la kwanza kwa sauti nzito na macho ya majonzi, na hilo ndilo tunalolishangilia kama ujasiri. Julai 6, 2016, ilipotoka ripoti ya uchunguzi ya Sir John Chilcot, majuzuu 12 na maneno milioni 2.6, ikasema Uingereza iliingia vitani kabla njia za amani hazijaisha, Blair alijitokeza na kusema ana huzuni, majuto na radhi kuliko tunavyoweza kuamini. Hotuba hiyohiyo ikaendelea kusema kwamba bado anaamini alifanya uamuzi sahihi. Ukiitafsiri kwa Kiswahili inakwama. Huwezi kuomba radhi kwa kosa na papo hapo kusema hukukosa.

Wapo waliokejeli kwa namna nyingine, na hao ndio ninaowavulia kofia. Wao hawakumtukana mkubwa. Walimkubalia. Walimvika kilemba cha ukoka hadi kikamfunika macho. Mwaka 2004 kulikuwa na kundi lililojiita Billionaires for Bush, yaani mabilionea wanaomuunga mkono Bush, watu waliovaa suti za karamu na shanga za bandia, wakisimama barabarani kumshukuru Rais kwa kuwatajirisha. Polisi na wapita njia wengine hawakujua kama ni wafuasi au wapinzani. Aprili 29, 2006, mchekeshaji Stephen Colbert alialikwa kwenye dhifa ya waandishi wa habari wa Ikulu, Bush akiwa meza ya mbele, hatua chache kutoka alipo. Kwa muda mrefu alimsifia. Alimsifia kwa uthabiti wake, kwamba anachokiamini Jumatatu atakiamini Jumatano hata litokee nini Jumanne. Wageni wengi walikaa kimya. Tazama sura ya Bush kadiri dakika zinavyokwenda: tabasamu linabaki mahali pake, ila mwenyewe ameshaondoka. Sifa ile ilikuwa na mwiba kuliko katuni zote za nyani, kwa sababu ilikataa kumpa kisingizio cha ujinga. Ilisema: unajua, na uliamua.

Hapa niingize mtu mmoja ambaye dunia ilimcheka bila kuhimizwa, Muhammad Saeed al-Sahhaf, waziri wa habari wa Saddam. Aprili 2003, vifaru vya Marekani vikiwa tayari ndani ya Baghdad, alisimama mbele ya vinasa sauti akiapa kwamba hakuna Mmarekani hata mmoja mjini. Alipewa jina la utani, akachapishwa kwenye fulana, akatengenezewa mwanasesere. Hata Bush alisema humtazama na kufurahi. Sina machozi ya kumlilia al-Sahhaf. Alitumikia utawala uliowaua kwa gesi Wakurdi wa mji wa Halabja mwezi Machi 1988, na yeyote anayepinga uvamizi huku akimpaka Saddam mafuta anajidanganya. Lakini hebu tuulinganishe uongo na uongo. Wa al-Sahhaf ulihusu kifaru kilichokuwa kikionekana dirishani, na haukumdanganya mtu. Ule wa upande wa pili ulihusu silaha ambazo hakuna aliyeziona kwa kuwa hazikuwepo, na ulidanganya mabunge. Wa kwanza akaitwa kichekesho. Wa pili akapewa walinzi, mkataba wa kitabu na mwaliko wa kuhutubia.

Kwa kweli wakubwa walijifunza haraka thamani ya kicheko. Machi 24, 2004, mwaka mmoja baada ya uvamizi, katika dhifa nyingine ya wanahabari jijini Washington, Bush aliwaonyesha wageni picha zake akiwa ofisini, ameinama akichungulia chini ya samani. Zile silaha za maangamizi lazima ziko mahali fulani, akasema. Picha nyingine: hapana, huku hakuna. Wageni walicheka. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 500 walikuwa wameshakufa kwa sababu ya silaha hizo, na raia wa Iraki ambao idadi yao jeshi la Marekani lilikuwa limekataa hata kuihesabu.

Utani una adabu zake. Mtani anaruhusiwa kuingia msibani akacheka, akamwigiza marehemu, akadai kaburi ni dogo. Ruhusa hiyo anayo kwa kuwa mikono yake ni safi. Ule wa Washington ulikuwa utani wa mwenye jambia.

Sasa, je, kejeli ilisimamisha chochote? Hapana. Novemba 12, 2008, asubuhi, watu waliovaa kama wauza magazeti waligawa bure jijini New York maelfu ya nakala za gazeti lililofanana kabisa na New York Times, likiwa na tarehe ya Julai 4 ya mwaka uliokuwa unakuja. Kichwa cha habari kilisema vita vya Iraki vimekwisha. Ndani yake, Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Bush, anaomba radhi na Bush anashtakiwa kwa uhaini. Wapita njia walisimama, wakasoma, wengine wakafurahi kwa sekunde kadhaa kabla ya kuiona tarehe. Majeshi yaliondoka Desemba 2011, miaka mitatu baadaye, vifo vya raia vilivyothibitishwa kimoja kimoja vikiwa vimevuka 100,000, wanajeshi wa Marekani karibu 4,500 na wa Uingereza 179. Lakini naona gazeti lile la uongo lilifanya kazi ambayo magazeti ya kweli hayakuifanya mwaka 2003. Lilimwonyesha msomaji habari sahihi ingefanana na nini, ili aone pengo.

Pengo hilo limezidi kupanuka. Juni 27, 2007, siku ileile aliyoachia uwaziri mkuu, Blair aliteuliwa kuwa mjumbe wa amani wa Mashariki ya Kati. Alikaa kwenye kazi hiyo hadi 2015, amani haikumwona. Mwaka 2022 alivishwa nishani ya juu kabisa ya uungwana ya Uingereza, ambayo kaulimbiu yake, kwa Kifaransa cha kale, inamtakia aibu yeyote anayewaza mabaya juu yake. Zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi kupinga, kwa hiyo aibu ni yao. Septemba 2025 Donald Trump alitangaza mpango wake wa Gaza wenye bodi ya amani, na kati ya majina ya kwanza yaliyotajwa kuingia humo lilikuwemo la Blair. Bush naye anachora. Amechora nyuso za wanajeshi waliojeruhiwa katika vita alivyowatuma, kwa rangi nzito na, niseme ukweli, si vibaya. Mwandishi wa tashtiti akifika hapo anaweka kalamu chini. Ataongeza nini?

Libaki lile la Desemba 14, 2008. Bush alikuwa Baghdad kuaga, amesimama na Waziri Mkuu Nouri al-Maliki mbele ya waandishi wa habari, pale mmoja wao, Muntadhar al-Zaidi, aliposimama akavua kiatu akakirusha, akisema ni busu la kwaheri kutoka kwa watu wa Iraki. Akarusha na cha pili, kwa niaba ya wajane na yatima. Vyote vilikosa. Bush aliinama kwa wepesi uliomshangaza kila mtu, akainuka na mzaha: anachoweza kuripoti ni kwamba kiatu ni namba 10. Mwandishi aliangushwa chini, akapigwa, akahukumiwa miaka mitatu, ikapunguzwa ikawa mmoja, akatoka Septemba 2009 baada ya miezi tisa. Ni miezi tisa zaidi ya yote waliyofungwa, kwa pamoja, wale walioamua kuivamia nchi yake. Huko Tikrit waliwahi kusimamisha sanamu kubwa ya kiatu hicho, ikaamriwa kuondolewa kabla haijazoeleka.

Kabla kesi haijasikilizwa ikabainika kwamba viatu vyenyewe havipo tena. Maofisa wa usalama wa Iraki na wa Marekani walikuwa wamevichukua na kuvikagua, wasije wakawa na vilipuzi, na katika ukaguzi huo vikaharibiwa. Vilikuwa viatu tu.